Mabati ya Zahanati

Kazi yangu ni kodi. Ukitaka kuona watu wanavyokatisha mazungumzo, nialike ubatizo wa mwanao. Nikitia guu tu mlangoni, waliokuwa wakisimulia biashara zao wanaanza kuulizana habari za mvua. Nimeshazoea. Niliingia ofisi ya mapato hapa Moshi mjini enzi za foleni za sabuni, nikaona biashara huria ikija, nikaona kila mtu akigeuka mfanyabiashara na kila mfanyabiashara akigeuka maskini siku ninapokwenda kumkagua. Sasa nasubiri kustaafu nikapumzishe miguu. Nimechoka mimi. Silalamiki, nasema tu ili unielewe.

Kwetu ni Uru, kule juu mlimani. Baba alikufa mapema akatuachia kihamba cha kahawa na migomba, mama mmoja, na sisi wawili: kaka yangu Valerian, halafu mimi Theodora, ambaye nyumbani naitwa Dora. Kahawa ilipoanza kununuliwa kwa bei ya kutukanana, Valerian aliachana nayo akafungua duka la vifaa vya ujenzi Kiboriloni. Alianza na misumari ya kupimia kwenye kopo la maziwa, akafika kwenye malori. Tena ni mkarimu, niliseme hilo mapema lisije likasahaulika. Sare za kwaya, yeye. Jeneza la asiye na ndugu, yeye. Mvua ikila barabara ya kwetu, anapandisha lori la kifusi kwa fedha yake. Ukitaja jina lake kule Uru watu wanashukuru, "aika, aika," hata kabla hujasema umemtajia nini.

Sasa parokia yetu ilikuwa inajenga zahanati. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mteremko mrefu, na mvua za masika zikishika, mama mwenye uchungu hubebwa kwenye machela na wanaume wanaoteleza kama watu waliolewa. Wanawake wa jumuiya, wakiongozwa na Martha, jirani yetu, walibeba mawe na mchanga kutoka mtoni kichwani mpaka kuta zikasimama. Ikabaki paa. Padri Melkior akaomba serikalini, parokia ikapewa kibali cha kuagiza mabati na vifaa vingine kutoka nje bila kulipa ushuru, kwa kuwa ni vya zahanati. Padri hajui mambo ya kontena wala bandari. Valerian akajitolea kusimamia kila kitu, na nani angekataa.

Mwaka ule, mwanzoni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipanda nyumbani Krismasi. Kwetu kupanda Krismasi si hiari, hata aliyegombana na ukoo mzima hupanda. Nilipita zahanati nikaona kuta zile zile, anga juu, magugu yameota kwenye chumba cha kujifungulia. Nikapinda kona ya kwetu, na hapo nikaliona paa la mama. Jipya, la bluu, mabati ya migongo mipana ambayo mimi sikuwahi kuyaona mlimani.

"Kaka yako huyo," mama aliniambia hata kabla sijamwamkia vizuri. Alikuwa amevaa kitenge kipya na alikuwa anatembea ndani ya nyumba akiangalia juu. Miaka yote tumekulia chini ya bati bovu, kila mvua tunapanga masufuria sakafuni. Nilifurahi, sikufichi. Nilimkumbatia nikamwambia Mungu ambariki Vale.

Asubuhi nikaenda nyuma kuokota mayai. Banda la kuku nalo lilikuwa jipya, limejengwa kwa mbao za kreti, na kwenye mbao pale, kwa wino mweusi ulionyooka, kulikuwa na jina la parokia yetu na chini yake pameandikwa: vifaa vya zahanati. Nikasimama na mayai yangu kwenye khanga. Jogoo ananiangalia, nami namwangalia. Nilitamani niwe sijaona.

Nikamfuata Padri Melkior baada ya misa, nikamuuliza mabati yako wapi.

"Shehena imekwama bandarini," alisema. "Valerian anahangaika nayo. Nami sikutaka kumsumbua kwa maswali, maana aliniambia wewe mwenyewe ofisini kwako unajua kila kitu."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Jina langu. Nimeishi chumba na sebule miaka yote hii, nakwenda kazini kwa miguu, ili jina langu libaki safi, halafu kaka yangu analitumia kumziba padri mdomo. Niliporudi mjini nikapita Kiboriloni macho yamefunguka. Baa yenye paa la bluu. Nyumba ya wageni, bluu. Uani kwa Valerian mabati ya bluu yamepangwa hadi kimo cha mtu, na wateja wanapakia. Kibali kilikuwa cha mabati ya zahanati moja, yeye akaingiza ya kuezekea mtaa.

Nilimngoja Januari, watu waliporudi kazini, nikaingia dukani kwake. Nikamwamkia, shikamoo kaka, akaitikia marahaba Dora, akaniletea kiti na soda. Sikuinywa. Nikamwambia njoo ofisini mwenyewe, eleza ulichoingiza, lipa ushuru wake, na ya zahanati yapandishe zahanati. Anayekuja mwenyewe husikilizwa. Anayefuatwa hufilisiwa.

Akacheka, si kwa ubaya. Alicheka kama anavyocheka tangu tukiwa wadogo, pale nilipokataa kula miwa aliyoiba kwa jirani.

"Dora, hiyo kodi yenu inakwenda wapi?" akaniuliza. "Barabara ya kwetu nani anaitengeneza? Mimi. Mama yetu kalala pakavu kwa ajili ya nani? Mimi. Nikupe wewe hiyo fedha uipeleke Dar ikanunulie mkubwa gari, halafu nimngoje huyo mkubwa aje kunizikia masikini wa Uru? Mimi ndiyo serikali kule juu."

"Hiyo barabara inaharibiwa na malori yako, kaka."

"Na zahanati nitaiezeka. Mwakani."

"Mwakani wanawake hawatazaa?"

Akasema nimesoma sana, nimesahau kwetu. Nikamwambia ana Kwaresima nzima ya kufikiri, Pasaka ikipita sitakuwa na la kumsaidia. Nikaiacha soda mezani na gesi yake.

Ukweli ni kwamba maneno yake yaliniingia. Usidhani mtu wa kodi hajiulizi. Nimewahi kukusanya fedha mwaka mzima halafu nikaona zilivyotumika, nikarudi nyumbani nikalala bila kula. Lakini pale Kiboriloni, hatua chache kutoka duka la Valerian, kuna mama anauza nyanya zinazotoka Kahe. Kila siku ya soko analipa ushuru wake kabla hajauza hata nyanya moja. Hana padri wa kumwombea kibali, hana dada ofisini. Nikimwachia kaka yangu, nitamtazamaje yule?

Valerian hakuja ofisini. Alikwenda kwa mama na isale.

Kama si wa mlimani, nikueleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee wetu. Ukimkosea mtu, unachukua jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Na yeye hawezi kukataa. Watu wameachiana damu kwa jani hilo. Nikiwa msichana nilimwona mzee akipokea isale kwa dereva aliyemuulia mtoto, akalipokea, na baadaye wakala pamoja. Anayelikataa anajitafutia balaa, na hakuna nyumba itakayomfungulia vizuri tena. Kaka yangu alijua mimi ni mgumu, kwa hiyo akalipeleka kwa aliyenizaa.

Mama akaniita, nikapanda Jumapili. Isale lilikuwa kwenye glasi ya maji mezani, karibu na sanamu ya Bikira Maria. Valerian amekaa kwenye kigoda ameinamisha kichwa, yeye ambaye hukaa kochi. Alikuwa na huzuni ya kweli, nakuambia, hakuwa anaigiza. Kichwani mwake alikuwa amelipeleka shauri mahali pa juu kuliko pote anapopajua, na huko likakubaliwa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kaka yako amekuja na isale," mama alisema. "Amesema amekukosea. Nimepokea. Imekwisha."

"Kunitaja kwa padri, nimemsamehe," nikasema. "Kwa hilo nalipokea isale hata mimi, kwa mikono miwili. Lakini mabati hayakuwa yangu, mama. Na ushuru si wangu. Nitaachaje kitu kisicho changu?"

"Ni cha nani?"

"Cha watu."

"Watu gani? Nitajie."

Nikababaika. Miaka yote nimeandika neno umma kwenye makaratasi, leo mama ananitaka majina. "Martha," nikasema, "aliyebeba mchanga mpaka shingo ikapinda. Na muuza nyanya wa Kiboriloni anayelipa kila siku."

"Martha amekuja kukulilia?"

"Hapana."

"Muuza nyanya je?"

"Hajui hata jina langu."

"Basi hakuna aliyekosewa hapa ila wewe, na mimi nimeshapokea kwa niaba yako." Akaniangalia, na mama yangu akikuangalia hivyo unarudi kuwa mtoto wa miaka saba. "Dora, huyu ndiye anayenifunika na mvua. Ukikanyaga isale hili ukaenda kuandika hizo karatasi zako, usinywe tena maji ya nyumba hii."

Valerian akainua kichwa, akasema, "Mama, usifike huko." Namshukuru kwa hilo hadi leo. Lakini mama alikuwa ameshafika huko, na kukaa ameshakaa.

Niliteremka nikilia waziwazi, watu wakinisalimia naitikia na makamasi yangu. Sikuwa na uhakika wowote wa haki yangu. Nilijua tu kwamba nikinyamaza, kila nitakayemdai baada ya hapo nitakuwa namwonea.

Pasaka ikapita. Nikaenda kwa bosi wangu, mtu wa Mbeya, mpole, nikamwambia kila kitu nikaomba shauri apewe mwenzangu, maana ni ndugu yangu. Akanipa karatasi niandike nilichokiona. Nilipomaliza akasoma polepole.

"Haya ya nyumba ya mama yako tuyaache," alisema. "Ni mzee."

"Yabaki humo," nikamwambia. "Ukiyaacha hayo, yote yatakuwa yameachwa."

"Unajua nyumbani hutarudi?"

Nikamwambia najua. Nikasaini.

Sasa nikuambie haki inavyofanana, kama ulitegemea tarumbeta. Duka likafungwa, Valerian akaandikiwa ushuru wote na faini juu yake, akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Ya kwa mama yakaachwa pale juu, yakahesabiwa tu kwenye deni; yale aliyokuwa hajauza yakakamatwa, yakapigwa mnada mjini, yakanunuliwa na watu wenye baa. Fedha ikaenda Hazina, Dar es Salaam, kama sheria inavyotaka. Kibali cha parokia kikafutwa, isiagize tena, Padri Melkior akawa anaitwa kuhojiwa kama mwizi, mtu asiyejua hata bei ya msumari. Zahanati haikupata hata kipande cha bati. Uru nzima ikasema Dora ametufungia zahanati, na sikuwakatalia, kwa sababu ukiitazama kwa macho ya mtu anayepita barabarani ndivyo ilivyokuwa. Baada ya muda mfupi duka likafunguliwa tena upande wa pili wa soko, kwa jina la wifi yangu.

Krismasi iliyofuata sikupanda. Moshi mjini siku hiyo huwa tupu, kila mtu yuko mlimani kwao. Nilikaanga yai, nikawasha redio, nikaizima. Nilimkumbuka mama mno. Nilikaa kitandani na viatu nimevaa, kama mtu anayengoja kuitwa, na jua likazama hakuna aliyeita.

Masika yakaingia. Siku moja nikiwa kazini nikaambiwa kuna mama ananitafuta, nikatoka nikamkuta Martha kwenye benchi, miguu imejaa tope. Nikajua amekuja kunipa zangu. Nikamwamkia, nikasimama tayari kuoga matusi.

"Keti," aliniambia. "Sikuja kwa ubaya."

Akanisimulia. Mkwe wake alishikwa na uchungu mchana, mvua inapiga. Wakamweka kwenye machela wakaanza kuteremka. Walipofika penye kona ya kwetu barabara ilikuwa imekatika kabisa, na mtoto hangoji barabara. Wakaingia kwa mama. Mama akasukuma meza na makochi ukutani, akachemsha maji, akashika mkono wa yule binti, na mtoto akazaliwa pale sebuleni, sakafuni, chini ya paa la bluu, mvua ikipiga juu yake hawasikilizani.

"Wote wazima?" nikauliza.

"Wazima. Lakini mama yako hakutuongelesha tena. Tulikula uji wake, tukamshukuru, yeye anaangalia juu tu, kwenye bati. Kesho yake akaita fundi." Martha akafunga khanga yake upya. "Mengine nenda ukaone mwenyewe. Mimi si wa kukusimulia ya mama yako."

Jumamosi nikapanda. Zahanati nikaiona kwa mbali: kuta zote wazi isipokuwa upande mmoja, chumba cha kujifungulia, na juu yake bluu. Misumari ya zamani ilikuwa imeacha matundu, fundi ameyaziba kwa lami. Wanawake waliokuwa wanang'oa magugu wakaniitikia salamu, si kwa furaha, lakini wakaitikia. Mmoja akanionyesha juu ya mlango. Lilikuwepo lile jani la isale, limekauka, limefungwa fundo, limechomekwa kwenye ufa. Mama, akasema yule mwanamke, alilileta kwa mikono yake huku akiegemea fimbo, akawasimamisha wote waliobeba mchanga, akampa Martha. Aliwaambia, "Nililipokea mimi, kumbe lilikuwa lenu."

Nyumba yetu ilikuwa kichwa wazi. Upande wa chumbani wamerudisha bati bovu la zamani, sebuleni mvua imeotesha ukungu wa kijani ukutani. Mama nilimkuta kwenye jiko la nje, amehamishia kitanda humo, jirani na ng'ombe wake. Nikasimama mlangoni, sikuthubutu kuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakugeuka. Alikuwa anamenya ndizi. "Umekonda. Huko mjini hamli?"

"Tunakula."

"Kaa hapo, unaniziba mwanga."

Nikakaa kwenye kigoda. Ng'ombe anatafuna, mama anamenya.

"Yule mtoto alilia," alisema mwisho. "Alilia kwa nguvu, chini ya yale mabati, sebuleni kwangu. Nikaona aibu. Mimi na umri wangu huu, sijawahi kuona aibu kama ile." Akalitupa ganda la ndizi kwa ng'ombe. "Yale nayo yanadaiwa?"

"Yalipokuwa hapa, yalidaiwa. Yameandikwa kwenye deni la kaka."

"Na sasa?"

"Sasa yako zahanati. Ndipo palipoandikwa kwamba yatakwenda. Hayadaiwi tena, mama. Jumatatu nitawaambia wayaondoe kwenye deni."

Akafikiri, kisu kimesimama hewani. "Kwa hiyo nimemlipia kaka yako."

"Kidogo."

"Haji kuniona. Anasema nimemwaibisha mbele ya watu."

"Na mimi haniongeleshi."

"Basi tumekuwa wawili," alisema. Midomo yake ilitaka kucheka ikakataa. Nilitaka kumwambia nitamnunulia mabati mengine, nikaukumbuka mshahara wangu. Ningeanza na mawili matatu kila mwezi, kwa risiti.

Akajinyanyua kwa shida, akashika ukuta, akaenda kwenye ndoo ya maji pembeni. Akafunua sahani iliyoifunika, akachota kwa kikombe cha bati, akanirudia nacho akinishikia kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni. Nikakipokea. Nikabaki nacho mapajani, namwangalia.

"Umepanda mlima wote huo," mama alisema. "Kunywa."

Nikanywa yote, nikamrudishia kikombe aniongeze.